Malazi ya Bei Nafuu Wakati wa Tamasha la Muziki Kando ya Mto Nile: Mwongozo kwa Wageni na Wenyeji



Kila mwaka, tamasha kubwa la muziki la eneo la Jinja linapokaribia, sisi tunaoshughulikia uhusiano wa polisi na jamii huulizwa maswali mengi kuhusu barabara, ukaguzi wa mizigo na saa za kufunga muziki. Hata hivyo, swali linalorudi mara nyingi kuliko yote ni hili: nitalala wapi kwa bei ninayoimudu? Huenda wengine wakadhani kwamba swali hilo ni la wenye hoteli, si la polisi. Sisi tumejifunza kwamba ni letu pia. Mgeni asiye na mahali pa kulala ndiye anayeibiwa simu akisinzia kituo cha magari. Ndiye anayekubali kufuatana usiku na mtu asiyemfahamu. Ndiye anayepanda bodaboda ya dereva aliyelewa kwa sababu hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza namna ya kupata malazi ya gharama ndogo bila kujitia hatarini, na namna ambavyo wenyeji wanaweza kupokea wageni kwa faida yao na kwa amani ya kijiji.

Tamasha na mahali pake

Tamasha tunalolizungumzia ni lile liitwalo Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015. Tunafahamu kwamba jina hilo huwafanya wasomaji wa Kiswahili watazamane na kutabasamu, na wazee wengine hukasirika kulisikia. Waandalizi wameeleza mara nyingi kwamba wao wamelitoa katika Kiganda, ambamo neno hilo humaanisha hamu ya ghafla ya kuinuka na kucheza ngoma. Hilo ni suala la lugha, nasi tunaliacha hapo.

Katika nchi za Ulaya matamasha ya namna hii hufanyika mashambani katika majira ya joto. Huko Uingereza, tamasha la Glastonbury lilianzishwa mwaka 1970 katika shamba la ng'ombe, na tiketi yake hujumuisha nafasi ya kupiga hema, kwa hiyo mgeni anaponunua tiketi amekwisha kupata mahali pa kuweka ubavu. Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Tuko kwenye Ikweta, hatuna majira ya joto, na tamasha letu, ambalo miaka ya mwanzo lilifanyika mwezi wa Septemba, lilipelekwa Novemba mwaka 2023. Novemba ni mwezi wa mvua. Aidha, mahali pa tamasha pamebadilika: kwa miaka kadhaa lilifanyika Njeru, mwaka 2022 likapelekwa kwenye maporomoko ya Itanda, na mwaka 2023 likaingia mjini Jinja. Hivyo basi, mgeni anayetegemea kumbukumbu za mwaka aliokuja rafiki yake anaweza kukodi chumba kizuri mahali ambapo hakuna hata ngoma moja inayolia.

Kanuni ya kwanza ni hiyo: usilipie chumba kabla waandalizi wenyewe hawajatangaza mahali na tarehe. Tetesi za mitaani si tangazo.

Mto ndio kipimo cha kwanza

Mgeni anapotazama ramani kwenye simu huona nukta mbili zilizokaribiana na kudhani kwamba zimekaribiana kweli. Husahau kwamba kati yake unapita Mto Nile. Mto huo hutoka Ziwa Viktoria pale Jinja na kuelekea kaskazini. Upande wa magharibi ziko Njeru na wilaya za Buikwe na Kayunga. Upande wa mashariki iko Jinja, Bujagali na barabara iendayo Itanda. Barabara kuu huvuka mto pale Jinja, kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, na kwenye bwawa la zamani la Nalubaale.

Maporomoko ya Itanda yako kilomita kati ya 25 na 30 kutoka Jinja, upande wa mashariki. Mtu aliyepanga chumba ng'ambo ya pili, mahali ambapo anasikia maji ya maporomoko hayohayo yakinguruma, atalazimika kurudi hadi Jinja, avuke, kisha apande tena upande mwingine. Safari aliyoidhania ya dakika tano itamchukua zaidi ya saa moja na nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Wapo wanaoshawishika kuvuka kwa mtumbwi usiku ili kufupisha njia. Tunawasihi wasifanye hivyo. Maji ya Nile katika eneo hili yana kasi, yana miamba, na hayasamehe mtu aliyevaa mavazi ya dansi bila koti la kuokolea.

Kwa hiyo, unapouliza bei ya chumba, uliza kwanza: kiko upande gani wa mto?

Aina za malazi

Malazi ya gharama ndogo katika eneo hili ni ya namna nne.

Ya kwanza ni hema ndani ya eneo la tamasha. Mara nyingi hii ndiyo njia ya bei ya chini kwa mtu mwenye hema lake, kwa kuwa humwondolea nauli ya usiku. Achague mahali palipoinuka kidogo, penye majani, mbali na ukingo wa mto, asijenge hema kwenye bonde dogo ambalo mvua ya Novemba italigeuza kuwa kijito. Hema si nyumba. Kufuli ndogo kwenye zipu haimzuii mwizi mwenye wembe. Fedha, hati na simu vikae mwilini mwa mwenyewe.

Ya pili ni hosteli za wasafiri, ambazo zipo Jinja na Bujagali kwa sababu ya wageni wanaokuja kupanda mashua kwenye mawimbi ya Nile. Humo hukodishwa kitanda badala ya chumba, katika bweni la watu kadhaa. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna kabati lenye kufuli, kama kuna bweni la wanawake peke yao, na kama lango lina mlinzi usiku kucha.

Ya tatu ni nyumba za wageni, zile tunazoziita gesti, zilizoko Jinja mjini, Bugembe, Njeru na kando ya barabara kuu. Wengi wao wana vyumba safi na vya kawaida ambavyo mwaka mzima hukaliwa na wafanyabiashara na madereva. Mgeni anayepiga simu mapema huvipata kwa bei ya kawaida au inayokaribia. Mgeni anayebisha hodi usiku wa ufunguzi hutajiwa bei nyingine kabisa.

Ya nne ni chumba katika nyumba ya mwenyeji. Familia nyingi za kando ya mto hutoa chumba kimoja au viwili kwa siku hizo. Njia hii ina heri nyingi: mgeni hula chakula cha nyumbani na kupata watu wa kumtafuta asiporudi, na fedha yake hubaki kijijini. Ina masharti yake pia, na tutayarejea hapa chini.

Wapo wanaoamua kulala Lugazi au Iganga kwa kuwa huko vyumba havipandi bei sana. Tunawaomba wafikirie barabara kwanza. Kati ya Lugazi na Jinja barabara hupita katika msitu wa Mabira, na pande zote mbili za Jinja yapo mashamba makubwa ya miwa, Lugazi na Kakira, ambayo malori na matrekta yake hutembea barabarani yakiwa yamelemewa mzigo. Si yote yana taa za nyuma. Dereva aliyekesha anayerudi saa kumi alfajiri kwa mwendo wa kasi ana hatari kubwa kuliko mwizi yeyote wa tamasha.

Hesabu iwe kamili

Wahenga walisema rahisi ghali, na katika malazi ya tamasha msemo huu una hesabu yake. Tuseme marafiki wawili wamepata chumba karibu na uwanja kwa shilingi 100,000 kwa usiku. Kila mmoja atalipa 50,000. Tuseme wengine wawili wamepata chumba cha mbali kwa 40,000. Kila mmoja atalipa 20,000, na watafurahi. Lakini kama nauli ya kwenda na kurudi ni 30,000 kwa kila mtu kila siku, nao wamelipa 50,000 vilevile, na zaidi ya hapo wamesafiri gizani. Bei tulizotaja ni za mfano tu, lakini msomaji anaweza kuweka hapo bei zake halisi na kupata jibu lake.

Ongeza katika hesabu hiyo maji ya kunywa, chakula, chandarua na akiba ya dharura ya nauli ya kurudi nyumbani. Akiba hiyo isiguswe hata muziki ukiwa mtamu namna gani.

Ulaghai wa chumba kisichokuwepo

Mwaka mmoja walifika kituoni vijana wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, waliovuka mpaka pale Busia mchana wa siku iliyotangulia. Walikuwa wameona kwenye simu picha za nyumba nzuri inayotazama mto. Aliyejitangaza kuwa mwenye nyumba aliwataka watume nusu ya fedha. Walipotuma, akawaambia kwamba kundi jingine linaitaka nyumba hiyo na kwamba wakitaka kuilinda wamalize malipo jioni ileile. Walimaliza. Walifika saa tatu usiku, wakaikuta nyumba ya kwenye picha ni ya kweli, lakini ndani yake aliishi bibi mmoja mjane ambaye hakuwa amemkodisha mtu yeyote. Namba waliyotumia fedha ilikuwa imezimwa. Tulipoifuatilia, tulikuta laini imesajiliwa kwa jina la mtu aliyepoteza kitambulisho chake muda mrefu uliopita. Fedha zao hazikupatikana.

Bibi yule hakuwafukuza. Aliwatandikia mikeka sebuleni, akawachemshia chai, na asubuhi akaongozana nao hadi kituoni ili asije akadhaniwa kuwa ni mshirika wa tapeli. Tulipomwambia kwamba amefanya jambo la utu, alijibu kwamba watoto wa watu hawalali nje.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu hila iliyotumika ni ileile inayotumika kila mara, na dalili zake zinajulikana. Tapeli huharakisha. Hutumia picha nzuri kupita bei inayotajwa. Hukataa kupigiwa simu ya video akiwa ndani ya nyumba. Hutoa namba ya malipo yenye jina lisilolingana na jina alilojitambulisha nalo. Hawezi kutaja kijiji, wala jina la mwenyekiti wa LC1 wa mahali hapo.

Basi mgeni afanye haya. Apige simu na kuzungumza, asitosheke na ujumbe wa maandishi. Aulize kijiji na mwenyekiti wake, kisha atafute njia ya kuthibitisha, hata kwa kumpigia mtu anayeishi Jinja au kutuuliza sisi. Anapotuma fedha kwa simu, asome jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri. Likiwa geni, aache. Atoe malipo kidogo ya kushika nafasi, na salio alilipe akiwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Ahifadhi ujumbe wote wa malipo. Na apange safari yake afike mchana, kwa kuwa mtu aliyefika saa nane mchana akakuta ametapeliwa bado ana nafasi ya kutafuta pengine, lakini aliyefika usiku hukubali chochote.

Kwa wenyeji wanaopokea wageni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunafurahi mwenyeji anapopona kwa njia ya halali, na tunamwomba azingatie mambo manne.

Kwanza, amjulishe mwenyekiti wa LC1 kwamba atapokea wageni, wangapi na kwa siku ngapi. Kufanya hivyo hakumpunguzii mwenyeji chochote, na iwapo tatizo litatokea kijiji kitajua pa kuanzia.

Pili, awe na daftari la wageni. Daftari la shule latosha. Aandike jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, namba ya simu, mahali mgeni atokako na siku ya kuondoka. Wageni wengine huudhika, wakidhani tunawashuku. Tunawaomba wakumbuke kwamba mnamo Julai 2010 zaidi ya watu 70 waliuawa kwa mabomu hapa nchini wakiwa wamekusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Tangu siku hiyo, kumfahamu mgeni aliyelala kwako ni sehemu ya kuwalinda wageni wote. Tena daftari humsaidia mgeni mwenyewe: asiporudi, tunajua tunamtafuta nani.

Tatu, asiwahamishe watoto wake ili kupata chumba. Tumeona familia zikikodisha chumba cha watoto na kuwapeleka watoto kulala kwa majirani, au kuwaacha walale chumba kimoja na wageni. Hakuna kodi inayolingana na madhara yanayoweza kumpata mtoto usiku mmoja. Kama nyumba haina nafasi ya wote, basi haina chumba cha kukodisha. Mtu anayeshuhudia mtoto akidhulumiwa anaweza kupiga namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto.

Nne, asiweke jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala, hata kwa ajili ya kupasha joto usiku wa mvua. Moshi usioonekana wa mkaa huua watu waliolala bila hata kuwaamsha. Onyo hili ni kwa walio katika mahema pia.

Kuhusu bei, sheria haimkatazi mwenye nyumba kupandisha kodi siku za tamasha. Tunachokikataza ni kuvunja mapatano. Bei iliyokubaliwa kwenye simu na kulipiwa sehemu isibadilishwe mlangoni saa nne usiku kwa kuwa mgeni hana pa kwenda. Ni vyema pande zote mbili ziandikiane ujumbe mfupi wenye bei, idadi ya siku na idadi ya watu. Maneno machache kama hayo yametuepusha na ugomvi mwingi.

Kwa wageni wanaotoka nje ya nchi

Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya na Rwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chao cha taifa. Wageni kutoka nchi nyingine wahakikishe hati zao za kusafiria ziko sawa kabla ya kulipia malazi. Wapitie mipaka rasmi, kama vile Busia na Malaba, wapate kumbukumbu ya kuingia. Aliyepita njia za panya huogopa kuja polisi anapoibiwa, na matapeli wanalijua hilo vizuri.

Mkifika, mpelekeeni ndugu mmoja aliyebaki nyumbani jina la mahali mlipolala na namba ya mwenyeji. Kaeni kwa makundi, na mpatane saa na mahali pa kukutana, kwa maana simu huishiwa moto na mtandao huzidiwa na watu. Mchagueni dereva wa bodaboda mchana, mkiwa na akili timamu, mchukue namba yake, na usiku mmwite yeye yule. Kinywaji kilichoachwa bila mtu wa kukiangalia kisinywewe tena. Na mwanamke anayekataa kufuatana na mtu hadi chumbani amekwisha kujibu. Asishurutishwe na yeyote, awe mgeni au mwenye nyumba.

Ukipatwa na tatizo

Piga 999 au 112. Namba hizi ni za dharura na hazilipiwi. Kama umetapeliwa, nenda kituo kilicho karibu ukiwa na ujumbe wa malipo, namba ya aliyekutapeli na picha za tangazo. Usione aibu. Kujipatia fedha za mtu kwa udanganyifu ni kosa la jinai, hata ziwe chache. Omba namba ya kumbukumbu ya daftari la kituo, kwani ndiyo utakayoitumia kufuatilia. Kuandikisha malalamiko hakuna malipo. Akikutaka askari fedha kwa ajili hiyo, mripoti kwa mkuu wa kituo. Toa taarifa mapema pia kwa kampuni ya simu, maana fedha ambazo bado hazijatolewa kwa wakala huweza kuzuiwa, na zilizokwisha kutolewa ni vigumu kuzirudisha.

Tunamalizia kwa yule bibi mjane. Mwaka uliofuata alikwenda kwa mwenyekiti wake, akasema ana vyumba viwili vitupu tangu wanawe walipohamia Kampala, na angependa kuvikodisha. Tulipopita kumsalimu siku ya pili ya tamasha, alitutolea daftari lenye mistari, la darasa la tatu, na ndani yake majina matano yaliyoandikwa kwa mwandiko wa taratibu. Wawili kati yao walikuwa wale vijana wa Busia. Safari hii walilipa mlangoni, na walikuwa wamelala vitandani.